Chaguo la Kwanza

Bwenini, Jumapili baada ya misa

Kwa Baba yangu,

Shikamoo Baba. Naanza na shikamoo kwa sababu ulinifundisha kwamba hata mtu anayekwenda kudai haki yake hubisha hodi kwanza. Mimi ni mzima. Mafua yaliyonishika nilipofika huku yamekwisha, na kidole nilichojikata kwa fyekeo siku ya usafi kimepona, imebaki alama tu. Nataka kujua mgongo wako unaendeleaje, na kama bado unasahihisha madaftari ukiwa umekaa kwenye kile kiti kifupi cha watoto wa darasa la tatu ambacho Mama alisema kitakuvunja kiuno. Muhogo wa kule chini umepona ile michirizi? Na machungwa yameiva safari hii, au Majura ameyamaliza yangali mabichi kama mwaka jana? Mwambie mdogo wangu huyo kwamba huku machungwa tunayaona kwenye kitabu cha Biolojia tu.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu tunapigia kwenye simu ya matroni, siku ya Jumamosi, dakika tatu kila mmoja, na foleni nzima nyuma yako inasikiliza. Jumamosi mbili zilizopita uliniuliza, "Mbona sauti yako iko mbali?" nikasema ni mtandao. Haukuwa mtandao. Barua hii ataibeba Mwalimu Lubango, mwalimu wetu wa taaluma, ambaye wewe unamfahamu kuliko nilivyodhani. Anakwenda Mwanza kwenye kikao, atampa Shangazi kule Kiseke, na Shangazi amesema atavuka kuja Nansio mwisho wa wiki. Haitapita kwa Mama kwanza. Nimeandika jina lako peke yako juu ya bahasha.

Nianze na safari, maana hujapata kuisikia yote. Shangazi alinipeleka stendi ya Nyegezi asubuhi, akanitafutia kiti cha dirishani na kumwambia kondakta mara tatu mahali pa kunishusha. Tukavuka lile daraja refu la juu ya ziwa, na mimi nikahesabu nguzo mpaka zikanipotea. Shule iko kwenye kilima, na ukisimama mlangoni mwa bweni unaliona ziwa lote. Ni ziwa letu lile lile, ila limegeuzwa. Kwetu jua linazama majini, huku linatoka majini. Wiki ya kwanza kila nilipotaka kujua nyumbani ni upande gani nilikosea.

Wasichana wote, kidato cha tano na cha sita, hatufiki mia moja na hamsini. Ulikuwa unajua hilo. Liko kwenye kaunta buku letu la kulinganishia shule, ukurasa wa nne.

Kitanda cha chini yangu analala Speratha, msichana wa Muleba, mtoto wa wakulima wa kahawa. Anaongea hata akiwa usingizini. Nilimuuliza kwa nini alichagua shule hii, akasema, "Mimi? Nilichagua mchana, njaa inauma, limebaki chaguo la tatu, jina lake lilikuwa juu kwenye orodha. Nikabonyeza. Nyumbani walidhani nimesali." Nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka huku. Mtu aliyechagua kwa njaa na mimi niliyechagua kwa miezi mitano tumelala kitanda kimoja, yeye chini mimi juu.

Siku hiyo hiyo ya kufika, wakati wa chakula cha jioni, matroni alipita mezani akiuliza majina. Nilipotaja langu alisimama. Akasema kwa ile sauti yake inayofika jikoni, "Aaa, wewe ndiye yule wa kula nyuma ya stoo. Karibu mama. Hapa stoo imejaa mahindi, hakuna nafasi ya kujificha. Kula na wenzako."

Meza nzima ikacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walikuwa wageni kama mimi na walifurahi kwamba kuna mwingine wa kuchekwa. Tangu siku ile naitwa Mama Stoo. Hata wa kidato cha sita wasiojua jina langu wanajua hilo.

Sikulala vizuri, Baba, lakini si kwa sababu ya kuchekwa. Nilikuwa najiuliza matroni amejuaje. Kidato cha kwanza, muhula mzima, nilikula chakula cha mchana nyuma ya stoo ya majembe kwa sababu niliogopa kukaa mbele ya watu nikitafuna. Jambo hilo nilimwambia mtu mmoja tu duniani. Tulikuwa wawili kwenye njia ya kwenda shamba la muhogo, wewe umebeba jembe na mimi kapu. Ulisimama, ukalishusha jembe, ukasema, "Hili litabaki hapa hapa kwenye njia ya muhogo." Nami kila nilipopita njia ile, kwa miaka mitatu, nilikuwa naona kama liko pale, limefukiwa vizuri.

Nikajidanganya kwamba labda shule yetu ya zamani iliandika kwenye ripoti. Nilijua haikuandika. Ripoti zangu zote nilizisoma kabla yako.

Wiki ya pili, siku ya Ijumaa, Mkuu wa shule alikuja mstarini. Ni mama mfupi, mpole, anavaa viatu vya mpira kwa sababu ya matope. Akatuambia, "Wasichana, wengi wenu mmeletwa hapa. Serikali imewaleta, na nasikia mnalia bwenini kwa sababu hatuna jina kubwa. Hamkukosea kulia. Lakini wapo watatu mwaka huu walioiandika shule hii chaguo la kwanza. Watatu. Hawa ni wageni wangu wa heshima, nataka waje hapa mbele tuwaone."

Akaita wa kwanza, akaita wa pili. Wa tatu akaita Leokadia.

Nilisubiri Leokadia mwingine atoke. Nilitazama kushoto na kulia nikimtafuta. Speratha akanisukuma mgongoni. "Nenda, wewe. Siku zote unajitia umeletwa na serikali, kumbe ulitaka mwenyewe."

Nikaenda. Mkuu alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanipa sabuni ya kipande na kaunta buku jipya. Akaniuliza mbele ya wote, "Nini kilikuvutia kwetu, binti?" Nami kwa kuwa siwezi kumkosea mtu mzima aliyefurahi vile, nikasema, "Ni padogo, Madam." Watu wakapiga makofi. Nimeona aibu nyingi maishani mwangu, unazijua karibu zote, lakini ile ya kupigiwa makofi kwa jambo ambalo sikulifanya sikuwa nimeijua bado.

Baada ya vipindi nilikwenda ofisi ya taaluma. Nilikuwa nimepanga sentensi zangu. Nilitaka kusema kwamba kompyuta imekosea, na kwamba kama jina langu limechanganywa na la mtu mwingine basi huenda yeye yuko kwenye ile shule kubwa ya Mwanza niliyoichagua, kwenye kitanda changu. Mwalimu Lubango alinikaribisha kiti. Akasema, "Mtoto wa Mwalimu. Umefanana naye paji la uso. Mimi na baba yako chuoni tulikuwa chumba kimoja, hakukwambia?"

Nikasema hukuniambia.

"Atakuwa amesahau. Tangu Machi ananipigia kuhusu wewe. Usijali, kila kitu nimeshawaambia, matroni anajua, wote wanajua namna ya kukuchukua." Kisha akafungua jalada anionyeshe jinsi wewe baba mwema ulivyofuatilia, akageuza karatasi upande wangu.

Machaguo yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa shule hii. Ile ya Mwanza haikuwa la pili wala la tatu, haikuwepo kabisa. Chini iliandikwa siku ambayo machaguo yalibadilishwa, na namba ya simu iliyotumika. Namba yako naijua kwa kichwa, Baba. Ndiyo namba ya kwanza niliyojifunza.

Mwalimu aliona uso wangu. Akasema polepole, "Hukujua?"

Nikasema, "Hapana, Mwalimu."

Akaichukua ile karatasi akaiweka chini ya kitabu, kana kwamba nikiacha kuiona nitakuwa sijaisoma. "Basi mimi nimekosea kukuonyesha," akasema. Nikamwambia hajakosea. Nikamshukuru, nikatoka, nikaenda kukaa nyuma ya stoo. Kweli imejaa mahindi, lakini nyuma kuna nafasi.

Sasa nataka nikukumbushe mambo mawili matatu, si kwa kukusuta, ila nisiwe mimi peke yangu ninayeyabeba.

Kaunta buku letu tulilianza nikiwa kidato cha nne. Wewe ndiye uliyesema kwamba shule haichaguliwi kwa jina wala kwa uzuri wa sare. Ulichora mistari kwa rula. Wanafunzi wangapi, mikondo mingapi, walimu wangapi wa kila somo, maktaba, maabara, matokeo. Tulikuwa tunakaa kwenye ngazi za kanisa kwa sababu ndipo mtandao unashika, wewe unafungua orodha za matokeo kwenye simu na kusoma moja moja, mimi napiga vijiti vya kuhesabia. "Fizikia, C. Kemia, B. Biolojia, C." Watu wa kwaya walidhani tunahesabu sadaka. Ulijua kwa nini nataka masomo hayo. Ni wewe uliyenipeleka zahanati nilipokuwa nakojoa damu kwa kichocho, na yule bwana wa maabara akaniruhusu kuchungulia kwenye darubini nikaona yai lenye mwiba kwenye ncha, na njia nzima ya kurudi nikakuuliza nani anamfundisha mtu kuona vile.

Tulibishana, na ulikuwa ubishi mzuri. Ulisema, "Shule kubwa ni kama mnada. Mpole anakanyagwa."

Nikasema, "Lakini Baba, mnadani ndiko mtu anapita bila kuulizwa wa wapi. Kwenye duka la mtu mmoja ukiingia lazima useme."

Nikakueleza mpaka mwisho. Kwamba watu wananionea huruma wakidhani mpole anataka pahali padogo, na sivyo. Padogo kila mtu anakuona. Padogo ukikosa kucheka wanauliza una nini. Kwenye shule ya wasichana elfu na zaidi ningekaa maktaba siku nzima na hakuna ambaye angehesabu. Na nikakuonyesha mstari wa walimu. Shule kubwa ikiondokewa na mwalimu mmoja wa Fizikia wanabaki wengine. Shule ndogo ikiondokewa na wake inabaki na ubao. Ulicheka, ukasema, "Haya mwanasheria, umeshinda." Ukachukua kalamu yako nyekundu, ile ya kusahihishia, ukaandika moja kubwa mbele ya jina la ile shule ya Mwanza. Ukaizungushia duara. Katika maisha yangu yote kalamu ile ilikuwa haijawahi kuandika uongo.

Matokeo yakatoka, nikapata daraja la kwanza, ukamchinjia mchungaji kuku ingawa sisi ni Wakatoliki, kwa sababu tu alikuwa anapita. Tukaenda pamoja steshenari kule Nansio, tukajaza machaguo kwenye mtandao kama tulivyokubaliana. Nilipoambiwa niweke nywila niliweka jina la Bibi na mwaka wangu wa kuzaliwa. Unakumbuka nilikuambia kwa nini? Nilisema nikisahau, wewe utakumbuka.

Halafu ikaja ile wiki ya Jumatano ya Majivu. Ulisema unakwenda Nansio kufuatilia chaki za shule. Ulirudi jioni bila chaki, ukiwa na kalkuleta mpya kwenye boksi lake. Ukanipa mbele ya Mama na Bibi. Ukasema, "Hii ni ya kidato cha tano. Popote utakapokwenda, itakwenda nawe." Siku iliyoandikwa kwenye ile karatasi ni siku ile, Baba. Nililala na kalkuleta ile chini ya mto. Ninayo hapa mbele yangu ninapoandika, na inafanya kazi vizuri, na sijui niifanye nini.

Lakini hata hilo ningeweza kulimeza. Ambalo siwezi kulimeza ni siku majina ya waliopangwa yalipotoka. Tulikaa kwenye ngazi zile zile za kanisa. Ukafungua, ukatafuta, ukaninyooshea simu. Nililia mpaka nikashindwa kupumua. Ukatoa leso yako ukanifuta, ukasema, "Serikali ina watoto wengi, mwanangu. Haiwezi kumsikiliza kila mmoja." Nyumbani Mama alikuwa anachambua dagaa, na tulipomwambia hakuinua uso. Siku ile nilidhani ana huzuni. Leo sijui kama naye alijua, na nakuomba usinijibu kwa niaba yake.

Mwezi mzima niliichukia serikali. Nilimwandikia waziri barua kichwani. Wewe ulikuwa unanisikiliza, unatikisa kichwa, na ulikuwa unajua. Machozi uliyafuta mwenyewe, na mwenyewe ndiye uliyeyaleta.

Sitaki useme kwamba ninakataa ukweli, kwa hiyo nitakuambia na upande wako. Huku nimeongea. Mwezi uliopita mwalimu wetu wa Fizikia ameondoka kwenda kusoma. Alikuwa mmoja, kama tulivyoandika ukurasa wa nne. Tuko tisa tunaosoma Fizikia, Kemia na Biolojia, na Mwalimu Lubango, ambaye ni mtu wa Jiografia, alikuja akatutazama, akasema, "Mmoja wenu awe anasoma mbele kabla ya wengine, awaelekeze." Wote wakanitazama mimi, kwa sababu huwa nimeshasoma. Siku ya kwanza nilisimama ubaoni nikiwa nimewapa mgongo nusu saa nzima. Speratha, ambaye yeye anasoma Historia lakini alikuja kutazama vituko, akasema kutoka mlangoni, "Mama Stoo, geuka, stoo imefungwa leo." Wakacheka, na mimi nikacheka, nikageuka. Sasa nafundisha mara tatu kwa wiki. Sauti yangu inafika dawati la mwisho. Najua ungefurahi kuniona, na ndiyo maana sikutaka kukuambia.

Kwa hiyo huenda ulikuwa sahihi kuhusu mimi. Lakini mambo ninayoyafundisha nayakisia, Baba. Wiki hii tulikuwa na mzunguko wa umeme wenye njia mbili, nikaueleza saa nzima kwa kujiamini, na kesho yake nikagundua kwamba niliugeuza. Wasichana wanane waliandika makosa yangu kwa kalamu ya wino. Wananiamini kwa sababu nimesimama mbele. Nilipokuwa nawaambia wafute, nilikufikiria wewe.

Na hata kama ulikuwa sahihi, ungeniambia. Ningekasirika, ningelia, ningekutolea hoja zangu zote, na wewe ungeweza kusema mimi ni baba yako, nimeamua. Ningekuja huku nimenuna, lakini ningekuja na baba. Sasa niko huku na sijui yule niliyekaa naye kwenye ngazi za kanisa alikuwa nani. Uliyesema hoja hushinda nguvu ni wewe. Nilikushinda kwa hoja, ukangoja nisipokuwepo, ukaingia kwa jina la Bibi na kujifanya mimi. Na ili wanitunze vizuri, ukatoa lile la njia ya muhogo ukawagawia watu wasionijua. Najua ulilitoa kwa upendo. Matroni ananiwekea kiti jirani na mlango kwa sababu hiyo. Lakini lilikuwa langu.

Ndani ya bahasha hii kuna fomu ya uhamisho. Mwalimu Lubango ndiye aliyeniletea, sikumwomba. Nadhani ile karatasi aliyoiweka chini ya kitabu inamsumbua. Ameulizia, na kule Mwanza kuna nafasi kwa sababu baadhi ya waliopangwa hawakuripoti, lakini nafasi hizo zinafungwa muhula huu ukifungwa. Mkuu wa shule amesaini. Alisoma fomu, akanitazama, akauliza, "Si wewe uliyetuchagua?" Nikamwambia, "Hapana Madam, alikuwa baba yangu." Nilisema kwa sauti, si kwa kunong'ona. Akasema, "Na kaunta buku tulilokupa umeshaliandika?" Nikasema nimeandika kurasa kumi za Fizikia. Akacheka kidogo, akasaini.

Imebaki sahihi ya mzazi.

Unakumbuka ulipoanguka na baiskeli, mkono wako wa kulia ukafungwa plasta? Nilikuwa darasa la saba. Ripoti za darasa lako zilikuwa mezani, na ukanifundisha sahihi yako ili nikusainie, wewe ukiwa umekaa pembeni unasoma alama. Mkia mrefu chini, nukta mbili, na ile herufi ya mwanzo inayofanana na ndoano. Ripoti arobaini na kitu. Mwalimu mkuu hakutambua hata moja. Ulicheka, ukaniambia, "Hii ni dhamana, siyo mchezo. Hutaiandika tena nisipokuwepo."

Jana Speratha alipoiona fomu alisema, "Sasa unangoja nini? Andika. Yeye si aliandika kwa jina lako? Ngoma droo." Nilichukua karatasi ya rafu nikajaribu. Ilitoka yenyewe, Baba, na mkia wake na nukta zake, kana kwamba ulikuwa umekaa pembeni yangu. Speratha akapiga mluzi. Nikaitazama muda mrefu, kisha nikaichana vipande nikavitupa chooni.

Nisalimie Mama, mwambie kifua chake asikifukize moshi wa dagaa, na kwamba simdai jibu. Nisalimie Bibi, mlezi wangu, na tafadhali asijue jina lake lilifungulia nini. Mwache aendelee kufurahi kwamba nililiweka kwenye kompyuta. Mdogo wangu Majura mwambie nikirudi likizo nitamwuliza jedwali la saba, na akikosea atanichumia machungwa. Baba yangu wa ubatizo, yule wa kwaya, mwambie hatukuwa tunahesabu sadaka. Shangazi wa Kiseke atakapokupa barua hii mpe chakula kabla ya kumuuliza kama ameisoma. Hajaisoma.

Ninataka kwenda Mwanza. Ninalisema wazi ili usije ukasema hukujua. Ukikubali, saini, mpe Shangazi fomu airudishe. Ukikataa, usisaini, lakini nyuma ya fomu niandikie sababu kwa mkono wako, kwa ile kalamu nyekundu, nami nitabaki huku na sitaijadili tena. Usitume mtu anipigie simu, na usinyamaze mpaka nafasi zifungwe. Ukinyamaza nitajua ni chaguo la pili uliloandika kwa jina langu.

Mahali pa sahihi nimepaacha wazi. Nimeweka alama ndogo ya penseli tu, kama ulivyokuwa ukiniwekea mimi nikiwa mdogo, nijue pa kuanzia.

Ni mimi mwanao, kwa mkono wangu mwenyewe,

Leokadia